Alisoma Ukurasa Bila Kuutazama

Mvulana huyo alikuwa darasa la pili, anakaa dawati la tatu kutoka dirishani, na kwa karibu mwaka mzima nilimhesabu miongoni mwa wanaojua kusoma. Nikimwita mbele na kitabu chake, husimama wima, hupitisha kidole chini ya mistari na kutamka kila neno bila kusita. Siku moja upepo ukafunua ukurasa mwingine bila yeye kujua. Kidole kikaendelea kutembea chini ya hadithi ya sungura, na kinywa kikaendelea na hadithi ya kisima. Darasa likaangua kicheko. Mimi nilibaki na chaki mkononi. Mtoto yule alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzake, na vema zote nilizompa zilikuwa za kumbukumbu.

Nilichofanya baada ya hapo bado kinaniuma. Nilimwona mjanja na mvivu. Kwa wiki nzima nilimzuia wakati wa mapumziko aandike ba be bi bo bu, safu baada ya safu, naye akaandika kwa mwandiko mzuri tu, kwa kuwa kunakili hakukuwa shida yake. Wiki ilipoisha hakuwa amesogea hata hatua moja, na mimi nikaanza kusoma mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kukabidhiwa darasa. Nawaandikia wazazi na walimu wenzangu wenye mtoto wa namna hiyo mbele yao, na pia watu wazima ambao walikuwa watoto wa namna hiyo na hakuna aliyewaambia.

Madaktari wameliandika jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Novemba 1896, daktari wa Uingereza aitwaye W. Pringle Morgan alieleza katika jarida la madaktari wa nchi hiyo habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu, mwepesi katika michezo, mpenda hesabu, aliyefundishwa tangu akiwa na miaka saba na bado kusoma kukamshinda. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya kusikiliza na kujibu kwa mdomo, huyo ndiye angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Niliposoma maneno hayo nilimwona mwanafunzi wangu wa dirishani. Ndiye aliyekuwa akinisahihisha nikikosea kusimulia hadithi niliyoisimulia mwezi uliopita.

Madaktari wa wakati ule waliita hali hiyo upofu wa maneno; leo huitwa disleksia. Mmoja wa walioichunguza sana, James Hinshelwood wa Glasgow, alikuwa daktari wa macho, na tangu hapo watu wengi wameamini kwamba mwenye disleksia huona herufi kinyumenyume. Imani hiyo imewapoteza wazazi wengi. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Frank Vellutino, aliwaonyesha watoto wasomaji wazuri na wasomaji dhaifu maneno ya Kiebrania, maandishi ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuyajifunza, kisha akawataka wayachore kwa kukumbuka. Wasomaji dhaifu walichora sawa na wenzao. Kama macho yangekuwa ndiyo yenye kosa, hapo pangeonekana tofauti.

Kuchanganya b na d, basi, kusikutie hofu peke yake. Karibu kila anayeanza kusoma hufanya hivyo. Kikombe ukikigeuza mkono wake uelekee kushoto au kulia kinabaki kikombe, na mtoto ameishi miaka sita akijua hivyo. Sasa unamwambia kwamba kijiti na kitumbo vikigeuzwa, jina linabadilika. Atazoea. Ikiwa mwaka wa tatu unapita hajazoea, hapo uliza, lakini uliza pamoja na mambo mengine nitakayoyataja.

Shida yenyewe iko kwenye sauti. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake, huko Marekani, waliwapa watoto wadogo kijiti wagonge mezani, mara moja kwa kila silabi ya neno. Watoto wa miaka minne karibu nusu waliweza. Kisha wakaambiwa wagonge mara moja kwa kila sauti ndani ya silabi, na katika umri huo hakuweza hata mmoja. Jaribu mwenyewe kutamka "ma" polepole uone kama utapata mahali ambapo m imekwisha na a imeanza. Hupati, zimeyeyukiana kama chumvi na maji. Herufi inamtaka mtoto aamini kwamba humo ndani mna vitu viwili. Watoto wengi wakishafundishwa herufi chache, sauti huanza kuachana zenyewe masikioni mwao. Wachache huzaliwa na ubongo unaozitenganisha kwa taabu kubwa, na mara nyingi hali hiyo hutembea katika ukoo: baba alikuwa hivyo, shangazi alikuwa hivyo, na wote walisemwa kuwa hawakupenda shule.

Watu wa pwani tuna mchezo uliokuwa ukipima jambo hili kabla hatujasikia jina la disleksia. Ni kinyume. Silabi ya mwisho inarukia mbele: nyumba inakuwa mbanyu, chakula inakuwa lachaku, na watoto huongea hivyo haraka mbele ya wakubwa ili wasieleweke. Kila mtaa ulikuwa na mtoto mmoja ambaye hakuweza kuucheza. Akiambiwa "sema samaki kwa kinyume", anatabasamu na kunyamaza. Hakuwa mjinga, pengine ndiye aliyekuwa hodari wa kutengeneza vigari vya waya. Sauti za neno zilikuwa zimeshikana kichwani mwake na hazikukubali kuhamishwa.

Kiswahili chetu, kwa wema wake, huificha shida hii. Tunajivunia kwamba kinaandikwa kinavyotamkwa, na ni neema kweli. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walitoa ripoti iliyolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwisho wa mwaka wa kwanza, watoto wa Finland, Ugiriki na Italia walisoma sawasawa zaidi ya maneno tisa katika kila kumi ya kawaida. Waliokuwa wakijifunza kwa Kiingereza, huko Scotland, walipata kama 34 katika kila 100. Maandishi ya Kiswahili yako upande wa Kifini na Kiitaliano. Mtoto mwenye disleksia anayesoma kwa Kiingereza huonekana mapema kwa sababu anakosea mno. Wa kwetu hukosea kidogo, kwa hiyo hatumwoni. Heinz Wimmer aliligundua hilo huko Austria, kwa watoto wanaosoma Kijerumani, ambacho nacho maandishi yake yana mpangilio, akaliandika mwaka 1993: wenye ugumu wa kusoma walikuwa wakisoma sawa, ila polepole kupita kiasi, na kuandika kukawashinda.

Polepole ndilo neno ambalo ningependa likae kichwani mwa kila mzazi. Usiulize tu, "Anajua kusoma?" Uliza, "Anasoma kwa mwendo gani, na akimaliza amechoka kiasi gani?" Maneno yetu ni marefu. Chukua "hatukuwatembelea": silabi nane, na habari ya kukataa inaanza na ile ha ya mwanzo. Mtoto anayeokota silabi moja moja akifika mwisho ameshaisahau ya kwanza. Ukimwuliza, "Walitembelewa?" anajibu ndiyo, na wewe unadhani hana akili ya kuelewa, kumbe ha ilidondoka njiani. Hata wataalamu wa Kenya walipopanga mwendo unaotarajiwa kwa madarasa ya mwanzo waliweka maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Neno letu moja mara nyingi ni sentensi nzima ya wenzetu.

Tena, usemi wa kwamba kinaandikwa kinavyotamkwa una mipaka yake. Andika "mbuni". Kama ni ndege, silabi ni mbili, mbu-ni. Kama ni mtu anayebuni vitu, ni tatu, m-bu-ni. Herufi ni zilezile. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe zimetenganishwa na alama ndogo ambayo mtoto anaiona kama uchafu wa karatasi. Sh ni herufi mbili kwa sauti moja, na mbwa ina konsonanti tatu zilizobanana mbele ya irabu moja. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza makosa ya watoto wa shule nchini Tanzania na kuyachapisha mwaka 2003, na hitimisho lao ni kwamba kuandika lugha yenye tahajia ya mpangilio si kazi nyepesi hata kidogo. Nikawa nimepata jibu la swali lililonisumbua miaka: kwa nini watoto wanaonisomea vizuri hutoa "bwa" badala ya mbwa kwenye imla.

Ukitaka kumwangalia mtoto wako nyumbani, tenga jioni moja tulivu, akiwa ameshiba na hana usingizi. Kitabu cha shule kiweke mbali, kwa kuwa huenda amekikariri. Chukua maandishi ambayo hajawahi kuyaona, ya kiwango cha darasa lake, umsikilize kwa dakika moja ya saa ya simu. Usimsahihishe. Sikiliza kama neno lililotokea mstari wa kwanza analiokota upya kabisa mstari wa tatu, kana kwamba hawajawahi kukutana. Angalia mabega, maana mtoto anayesoma kwa taabu huyapandisha na kubana pumzi. Kisha mwandikie maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote: dofema, tabuki, nguliso, shamwepe. Haya ndiyo yaliyonifumbua macho. Neno la kawaida mtoto anaweza kulikisia kwa herufi ya kwanza na picha ya pembeni, lakini nguliso haikisiwi. Mwanafunzi wangu aliitazama nguliso muda mrefu, akasema "ngozi", akanitazama usoni kuona kama amepatia.

Maliza kwa imla fupi ya maneno kama mbwa, ng'ombe, kwenda, chungwa, nyanya, na mchezo wa kinyume kama bado ana hamu. Usiku huo usitoe hukumu. Rudia baada ya wiki mbili, na ikiwezekana mkaribishe na mtoto wa jirani wa darasa hilohilo, mcheze wote kama mchezo. Darasa zima likiwa haliwezi, usitafute disleksia. Tafuta kama kuna vitabu, kama mwalimu yupo, kama watoto tisini wanagawana ubao mmoja. Disleksia ni pale ambapo wenzake waliofundishwa vilevile wamevuka naye kabaki ng'ambo.

Yapo mambo ya kuyatenga kabla ya kutamka jina hilo. Anza na masikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni kila msimu wa mafua amekosa sauti nyingi ambazo leo unamtaka azitenganishe. Macho nayo yapimwe, maana mtoto asiyeona ubao hana haja ya mwanasaikolojia, ana haja ya miwani. Kumbuka pia malaria. Huko Kilifi, watafiti waliowafuatilia watoto waliopona malaria kali waligundua kwamba baadhi yao walibaki na matatizo ya lugha na ya kujifunza muda mrefu baada ya homa kuisha. Kama mtoto wako alilazwa akiwa na degedege au amepoteza fahamu, mweleze anayempima, hata kama ni miaka mitano iliyopita.

Lafudhi ni jambo jingine kabisa. Anayeandika "lafiki" kwa rafiki, au "zahabu" kwa dhahabu, huenda anaandika hasa anavyosikia nyumbani, kwa sababu lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r, na dh si sauti ya kila mtu. Huyo ana sikio zuri, ila limezoea lugha nyingine. Usimpe jina la ugonjwa kwa sababu ya lugha ya bibi yake.

Kuna na yule ambaye husoma vizuri sana, haraka, kwa sauti nyororo, kisha ukimwuliza amesoma nini hana jibu. Philip Gough na William Tunmer walisema mwaka 1986 kwamba kusoma ni zao la mambo mawili, kutambua maneno na kuelewa lugha, na moja likiwa sifuri jibu ni sifuri. Tunaotoka kwenye chuo cha Kurani tunalijua hilo bila kuambiwa, kwani tulihitimu juzuu baada ya juzuu kwa matamshi yaliyonyooka kabla hatujajua maana ya aya. Basi ikiwa maandishi ni ya lugha anayoiongea na bado haelewi, shida haiko kwenye herufi. Angalia lugha yenyewe: je, alichelewa kusema, anapotea katikati ya maagizo mawili, anasimulia tukio bila mwanzo wala mwisho? Hali hiyo ipo na ina msaada wake. Utafiti uliotoka mwaka 2016, uliofanywa katika eneo la Surrey, Uingereza, ulionyesha kwamba katika kila darasa la watoto 30 wapo kama wawili wenye ugumu wa lugha usio na sababu nyingine iliyo wazi.

Hapo kipimo chako kiwe watoto wa mtaa wake. Nairobi au Lubumbashi mtoto akisema "kiti yangu" anaongea kama watu wanaomzunguka. Zanzibar, mtoto wa miaka saba akisema hivyo utageuka umtazame. Mama ndiye mpimaji wa kwanza, awe amesoma au hajasoma. Alcock na wenzake walipotengeneza orodha za maneno ya watoto wachanga kwa Kiswahili na Kigiriama huko Kenya, waliwauliza wazazi wasiojua kusoma, na majibu yao yakafaa kwa utafiti. Kwa hiyo mama, ukihisi kwamba huyu haongei kama ndugu zake walivyoongea, usikubali kuambiwa na yeyote kwamba hujui kitu.

Ukishaona, fanya nini? Kwa uzoefu wangu, robo saa kila siku hushinda tuisheni ya saa tatu Jumamosi. Anza na sauti kabla ya herufi, tena mkiwa mnafanya kazi nyingine, mkichambua mchele au mkisubiri daladala. "Sema paka. Toa ile p, weka t." Taka. "Weka s." Saka. "Weka sh." Shaka. Akiweza, toeni sauti kabisa: baba bila b ya mwanzo ni aba. Kinyume nacho kirudi nyumbani, na wakubwa wacheze.

Herufi ziingie mara tu sauti zikianza kulegea, na ziwe za kushikwa. Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford waliandika mwaka 1983 kwamba watoto waliofundishwa kuzipanga sauti walisonga mbele, na walioshika herufi za plastiki huku wakizipanga ndio waliosonga zaidi. Huna haja ya kununua. Vizibo vya chupa za maji na kalamu ya wino mzito vinatosha. Panga k, u, k, u. Mwambie aondoe k zote mbili aweke d. Dudu! Sh, ch, ny, dh na ng' ziandike kila moja kwenye kizibo chake kimoja, ili mkono ujue kwamba hizo ni kitu kimoja. Na wewe unayefundisha, taja sauti, usitaje jina. Ukisema "bii-ei" mtoto atatafuta "biiei" kwenye maneno hadi jioni. Ukisema "be-a, ba" umemwongezea e ambayo haimo. Funga midomo, toa b fupi, fungua kwenye a.

Sisemi tuache ba be bi bo bu, kwa kuwa Kiswahili kinatembea kwa silabi na safu hizo zina kazi yake. Kosa langu lilikuwa kuziimba. Darasa likiimba, mtoto wa dirishani anaimba pia, na wimbo haumhitaji atazame ubao. Zichanganye. Andika bo, ki, mbe, la, uzielekeze kwa fimbo bila mpangilio, umsikilize mmoja mmoja. Huko Kwale, mradi uliofanywa katika shule 101 uliwapa walimu wa darasa la kwanza mafunzo ya kufundisha kusoma na ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto walisoma vizuri zaidi, na walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, ilhali katika shule ambazo hazikupata mpango huo walikuwa asilimia 5.3. Mtoto anayesaidiwa kusoma hana sababu ya kukimbia.

Maneno yakishaanza kusomeka, kazi ya mwendo ndiyo ndefu. Somo moja fupi lisomwe mara tatu au nne kwa siku kadhaa, wewe ukianza, kisha mkisoma pamoja, kisha yeye peke yake. Maneno marefu yavunjeni kwa penseli: ha-tu-ku-wa-tembelea. Na jioni, wewe msomee hadithi zilizo juu ya uwezo wake, ili masikio yake yasikose msamiati ambao macho bado hayaufikii. Uwe na subira ya kweli. Marekani, mwaka 2001, Joseph Torgesen na wenzake walitoa matokeo ya watoto 60 wenye ugumu mkubwa waliofundishwa mmoja mmoja kwa saa 67 na nusu ndani ya wiki nane. Usahihi wa kusoma uliongezeka sana na haukupotea miaka miwili baadaye. Mwendo ndio uliobaki nyuma. Hivyo usimwahidi mtoto kwamba atasoma kama dada yake. Mwahidi kwamba atasoma.

Fedha zako zisiende kwenye miwani ya rangi wala mazoezi ya macho. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi kuwa hayo hutibu disleksia. Kumrudisha darasa akafundishwe vilevile na kwa mbinu zilezile ni kumpotezea mwaka. Fimbo sina haja ya kuijadili. Mtoto anayengoja kupigwa hana nafasi kichwani ya kutenganisha sauti. Na neno kilaza lisitamkwe nyumbani, hata na kaka zake kwa mzaha.

Ukitafuta mtaalamu, Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Tanzania, muulize ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri yako, au mwalimu aliyesomea Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Nenda na daftari la imla na maelezo yako ya jioni zile. Mwalimu mkuu umwone mapema, mwaka wa mtihani haujafika, umwombe akueleze utaratibu wa muda wa ziada.

Kizingiti kikubwa kwa wa Tanzania ni kidato cha kwanza, masomo yanapogeukia Kiingereza. Mtoto aliyevuka kwa Kiswahili kwa jasho anakutana na maandishi ambayo though, through na tough zinatamkwa kila moja njia yake. Wengi huanguka hapo, na watu husema alikuwa na akili akaharibiwa na marafiki. Kama uliona dalili darasa la pili, usingoje. Mfundishe sauti za Kiingereza kwa mpangilio, maneno machache kwa wiki, na mweleze waziwazi kwamba maandishi hayo ndiyo yenye vurugu.

Sasa nawe mtu mzima. Namfahamu fundi seremala ambaye hukata ubao kwa jicho usipungue hata unyoya, na kila karatasi ikimfikia husema amesahau miwani. Mteja akimwandikia, humjibu kwa sauti. Kwanza jiulize kama uliwahi kufundishwa. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walionyesha kwamba wakulima wa Ureno ambao hawakwenda shule hawakuweza kuondoa sauti ya kwanza ya neno, ilhali majirani zao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Herufi ndizo zinazofungua sikio. Mwaka 2010 kundi la Stanislas Dehaene, lililowapima watu wazima wa Brazil na Ureno, liliona kwamba hata aliyejifunza ukubwani ubongo wake hubadilika na kutenga sehemu ya kutambua maandishi. Nawe hujachelewa: mzee Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84.

Kama ulifundishwa, ukakaa shule miaka saba, na bado ujumbe wa benki unakutoa jasho, huenda nawe ni mwenzake yule mvulana. Tafuta mtu mmoja unayemwamini na umwambie, mmoja tu. Mazoezi ni yaleyale ya vizibo, ila maneno yawe ya kazi yako: msumari, vernishi, futi, risiti. Simu yako inaweza kukusomea maandishi kwa sauti, iwashe uwe unafuata kwa macho. Kikao kikiwa na karatasi, omba upewe siku moja kabla. Na mwanao akianza kubabaika darasa la pili, usimfiche. Mwambie kwamba wewe pia.

Mvulana wangu nilimfundisha hivyo kwa mihula miwili, robo saa kabla ya kengele ya asubuhi, tumekaa kwenye ngazi za darasa na kopo la vizibo katikati yetu. Alisoma taratibu, akijikwaa kwenye mb na nd. Asubuhi moja nikampangia tena nguliso. Aliigusa ng kwa kidole, akasogea kwenye u, akaiunganisha kwa sauti ya chini, akafika mwisho, akakunja uso.

"Nguliso. Mwalimu, nguliso ni nini?"

Nikamwambia sio kitu, nimelibuni mwenyewe. Akacheka, akavikusanya vizibo, akanirudishia kopo.

"Buni lingine," akasema.